Fungueni Baiskeli ya Mshindi

Tarehe 1 Oktoba 2017, katika kijiji cha Saint-Michel-de-Double, kusini magharibi mwa Ufaransa, zilifanyika mbio za baiskeli za ridhaa. Hazikuwa mbio za kuonyeshwa kwenye televisheni. Zilikuwa mbio za mwisho wa juma, za watu ambao Jumatatu wanarudi kazini, na zawadi zake hazimtajirishi mtu. Kati ya waliojipanga alikuwamo mwanamume wa miaka 43 ambaye kwa miezi kadhaa alikuwa amewatia wenzake mashaka. Umri unakwenda, mwili ni ule ule waliouzoea, lakini ghafla milima haimsumbui tena. Siku hiyo wakaguzi walikuwa wanamsubiri. Baiskeli ilipochunguzwa, ndani yake ilikutwa mota.

Mmoja wa maofisa walioshughulikia kesi ile alikuwa Christophe Bassons. Wanaofuatilia baiskeli wanalikumbuka jina hilo. Mwaka 1999 Bassons alikuwa mkimbiaji wa Tour de France, mbio kubwa za baiskeli za kuizunguka Ufaransa, na alithubutu kusema hadharani kwamba wenzake bado wanatumia dawa za kuongeza nguvu. Lance Armstrong, aliyekuwa anaongoza, alimfuata katikati ya mbio akamwambia aende zake nyumbani. Wenzake wakamtenga, na hakuyamaliza mashindano yale. Miaka 13 ilipita kabla Armstrong hajanyang'anywa mataji yake yote 7 ya Tour kwa kosa la dawa hizo hizo. Na Bassons, badala ya kuuchukia mchezo, akaingia kazi ya kupambana na udanganyifu, mpaka kwenye vijimbio vya vijijini ambavyo hakuna mwandishi wa habari anayekwenda. Mtu wa namna hiyo namheshimu kuliko mabingwa wengi.

Yule aliyekamatwa hakubisha. Alisema mgongo ulikuwa unamuuma, mshipa wa nyonga unamtesa, na alitaka tu kuendesha bila maumivu. Hakufuata pesa, alisema. Chama cha baiskeli cha Ufaransa kilimfungia miaka 5, na mahakama ikampa saa 60 za kazi za jamii. Miezi michache kabla yake, Julai mwaka huo huo, kaskazini mwa Italia, mwendesha baiskeli mwingine wa ridhaa, mwenye miaka 53, alinaswa na kamera ya kuona joto. Mota ikifanya kazi inapata moto, na kamera ile inauona moto huo hata kama umefunikwa na fremu.

Mbona naandika haya nikiwa Mtwara, ambako baiskeli nyingi bado ni za chuma, zenye keria nyuma na gunia juu yake? Kwa sababu mbio tunazo. Zinaandaliwa siku za sherehe, wakati mwingine na mfanyabiashara, wakati mwingine na vijana wenyewe kwa kuchangishana. Njia inayopendwa ni ya kutoka mjini kwenda Mikindani na kugeuza, na wenye pumzi wanafika Mnazi Mmoja au Lindi kabisa. Wa Masasi wana mlima wao wa kupandia Newala, mlima unaomtenganisha mtu na maneno yake. Na kwa sababu mota zimeanza kuingia. Kila mwenye simu anaweza kuagiza betri na mota ya baiskeli kutoka China, na mafundi wetu ni wepisi wa kujifunza. Kitu ambacho mwaka 2017 kilihitaji mtu mwenye euro za kuchezea, leo kinazidi kushuka bei. Sitaki tusubiri mpaka mtu wa kwanza akamatwe ndipo tuanze kutunga kanuni.

Kwanza tuelewane kinachofichwa ni nini. Mota iliyojulikana zaidi Ulaya ilitengenezwa Austria, ikaitwa Vivax. Ni silinda nyembamba inayozama ndani ya bomba la fremu lile linaloshuka kutoka kwenye kiti. Chini kabisa, ncha yake ina jino linalokutana na jino lingine kwenye ekseli ya pedeli, kwa hiyo mota inapozunguka, inaizungusha ekseli pamoja na miguu ya mwendeshaji. Betri inakaa kwenye kimfuko chini ya kiti au ndani ya kitu kinachofanana na chupa ya maji. Swichi ni kidude kidogo kwenye usukani. Vyote hivyo kwa pamoja havikufika kilo 2. Ukiitazama baiskeli ikipita, huoni kitu. Ukikaribia sana pasipo kelele za watu, unaweza kusikia mvumo mdogo.

Mota ile iliongeza kama wati 100 kwenye pedeli. Kwa mtu asiyepima nguvu kwa wati, nitaeleza kwa mlima. Chukua mwendeshaji mzuri wa ridhaa anayeweza kutoa wati 250 kwenye kilima cha kilomita 1 kinachopanda mita 50. Yeye na baiskeli yake wana kilo 80. Hesabu za fizikia zinampa dakika 3 na robo hivi mpaka juu. Mpe wati 100 za ziada, atafika sekunde 40 na zaidi mapema. Kwenye mbio, sekunde 40 kileleni ni mtu ambaye humwoni tena. Yuko mbele ya kona, na wewe bado unaramba jasho.

Kuna jambo ambalo watu wengi hawalifikirii. Mdanganyifu hahitaji mota njia nzima. Ukitoka Mtwara kwenda Lindi wakati wa kusi, upepo unakusukuma mgongoni. Kundi lote linakwenda pamoja na hakuna anayechoka sana. Kazi inaanza mnapogeuza. Kusi linawapiga usoni, mnapangana mmoja nyuma ya mwenzake, na aliye nyuma anapumzika huku aliye mbele anakatwa na upepo. Anayebaki nyuma ya kundi hapo amekwisha, kwa sababu peke yake hawezi kulishinda lile pengo. Sasa mtu mwenye mota anachohitaji ni dakika chache tu za kutoachwa: kilima cha kutokea Mikindani, au pale mwenye nguvu anapochomoka. Akishavuka hapo amerudi kujibanza nyuma ya migongo ya wenzake, anapumua, na mwishoni anawashinda kwa miguu yake mwenyewe. Ataapa kwamba mita 200 za mwisho alizipiga mwenyewe, na atakuwa anasema kweli. Ndiyo maana betri ndogo inatosha, na ndiyo maana kumtazama tu mtu anavyomaliza hakukusaidii kujua alivyofika.

Udanganyifu wenyewe haukuanza na umeme. Mwaka 1904, Tour de France ikiwa ya pili tu tangu ianzishwe, washindi wanne wa kwanza walifutwa, bingwa Maurice Garin akiwamo, na kati ya tuhuma zilizowakabili wakimbiaji mwaka ule ni kupanda treni. Huku kwetu hatuna treni, lakini tuna malori. Msimu wa korosho unapoanza Oktoba, barabara ya Mtwara inajaa malori yanayopanda polepole yakiwa na magunia, na kila anayeendesha baiskeli anajua kuna wanaoshika mnyororo wa nyuma wa lori na kuvutwa. Kwa mchuuzi mwenye ndoo ya samaki sina neno naye, ingawa namwogopea sana, maana dereva hamwoni na lori likiyumba amekwenda. Lakini nimewahi kuwa kwenye mbio ambazo aliyeshika nafasi ya kwanza alionekana na wanakijiji akiwa ameshika bega la mtu wa pikipiki. Wanakijiji wakasema. Waandaaji wakajibu kwamba hakuna ushahidi, zawadi ikatolewa, picha zikapigwa. Aliyekuwa wa pili alikuwa kijana aliyejiandaa miezi mingi. Hakugombana na mtu. Aliuza baiskeli yake ya mashindano mwaka huo huo akanunua ya kawaida kwa ajili ya kubebea mizigo, na mpaka leo ukimwuliza habari za mbio anabadilisha mazungumzo.

Hasara ya udanganyifu kwenye mbio ndogo iko hapo. Kwa wakimbiaji wa kulipwa, mdanganyifu anaiba mshahara wa mtu, mkataba wa mtu, na kuna mahakama na mawakili wa kupigania hayo. Kwetu zawadi ni kidogo. Kinachoibwa ni kipimo. Mtu wa ridhaa anaamka saa 11 alfajiri akaendesha kabla ya kazi ili siku moja ajue amefika wapi. Saa ya mkononi haimwambii, kwa sababu leo kuna upepo na kesho hakuna. Anayemwambia ni yule aliye pembeni yake. Kama nilikuwa naachwa na fulani kwenye kilima cha Mikindani na sasa tunafika pamoja, nimepiga hatua. Siku huyo fulani akiwa na mota, juhudi zangu zote za mwaka zinasomeka vibaya. Nitajiona sifai wakati nimeongezeka. Wangapi wameacha mchezo kwa kujilinganisha na mashine bila kujua?

Wakulima wa korosho wa huku watanielewa haraka. Mtu mmoja akichanganya kokoto au korosho mbichi kwenye gunia lake, akapita nalo chama cha msingi, hasara haiishii kwenye gunia lake. Mzigo ukifika ghala kuu unashushwa kuwa andagredi, yaani daraja la chini, na aliyeanika korosho zake siku tatu juani, akachambua moja moja, naye bei yake imeanguka.

Kesi inayojulikana kuliko zote haikuwa ya ridhaa, lakini mhusika wake alikuwa binti wa miaka 19. Femke Van den Driessche wa Ubelgiji aliingia kwenye mashindano ya dunia ya baiskeli za kwenye matope, mjini Heusden-Zolder, tarehe 30 Januari 2016, mbele ya watu wa nchi yake mwenyewe. Wakaguzi walipita na vishikwambi vinavyopima usumaku, wakasimama kwenye baiskeli moja iliyokuwa sehemu ya kubadilishia baiskeli. Kiti kilipochomolewa, nyaya zikaonekana. Ndani kulikuwa na mota ya Vivax, swichi yake imefichwa chini ya utepe wa usukani na kuwasiliana nayo kwa Bluetooth. Alilia akasema baiskeli si yake, ni ya rafiki, imechanganywa kwa bahati mbaya. Hawakumwamini. Alifungiwa miaka 6, akatozwa faini ya faranga 20,000 za Uswisi, ambazo kwa wakati ule zilikuwa zaidi ya shilingi milioni 40 zetu, na taji lake la Ulaya la miezi michache nyuma likafutwa. Aliacha baiskeli.

Nikitazama picha zake za siku zile naona mtoto, na najiuliza wako wapi watu wazima waliomzunguka. Mota haijipachiki. Kuna aliyeinunua, kuna aliyechomoa ekseli, kuna aliyechaji betri asubuhi ile. Binti wa miaka 19 alibeba jina peke yake. Kanuni za shirikisho la dunia, UCI, zinaruhusu timu nzima kutozwa mpaka faranga milioni 1, lakini aliyekuja kukumbukwa na dunia ni yeye tu.

Baada ya hapo UCI walizidisha ukaguzi. Tour de France ya 2016 peke yake ilikuwa na vipimo 3,773 vya baiskeli, na kuanzia 2018 likaongezwa sanduku la eksirei linaloonyesha mifupa yote ya fremu bila kuifungua. Vyote hivyo vina gharama, na havitafika Mtwara leo wala kesho. Kuna watu wanaishia hapo: hatuna vifaa, kwa hiyo hatuwezi. Mimi siafiki.

Tulikuwa na mbio za mjini, si kubwa, za kwenda na kurudi Mikindani. Kijana mmoja, mchuuzi wa samaki, alikuja na baiskeli yake ya kazi. Alikuwa ameng'oa keria na walinzi wa matope ili kupunguza uzito, na kwenye fremu bado kulikuwa na alama za kamba alizokuwa akifungia ndoo. Kila alfajiri kijana huyo anachukua samaki ufukweni na kuwapandisha vijiji vya ndani, kilo za kutosha, kwenye njia ya mchanga. Miguu yake ilijengwa na kazi hiyo. Siku ile aliwaacha wenye baiskeli za gia kwenye kilima, akaingia mjini peke yake.

Watu walishangilia kwanza. Kisha mtu mmoja akasema, "Huyo ana mota." Ilikuwa zile wiki ambazo video ya mota za kufichwa ilikuwa inazunguka WhatsApp. Maneno yakapita kwenye umati haraka kuliko yeye alivyopita barabarani. Alikuwa bado anahema, maji hajamaliza kunywa, wazee wa kamati wamekwishaanza kukaa pembeni kwa kunong'onezana.

Hakutukana mtu. Aliisukuma baiskeli mpaka kwa fundi aliyekuwa amekaa chini ya mwembe na sanduku lake la vifaa.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Hongera."

"Naomba unifungulie."

"Nifungue nini?"

"Yote. Anayetaka kuona aje aone."

Fundi alimtazama kitambo, kisha akachukua spana. Alilegeza boli la kiti, akakizungusha kiti huku na huku mpaka bomba lake likatoka, limeota kutu nyekundu nusu ya chini. Akaipindua baiskeli, akaigonga fremu kwa kiganja. Ikamwaga mchanga, vipande vya kutu, na kiota cha nyigu cha udongo kilichokauka. Akawasha tochi ya simu, akachungulia ndani ya bomba, akamwita mzee wa kamati aje achungulie naye. Mzee akainama. Wengine wakapanga foleni, watoto pia. Halafu fundi akaweka kipande cha mbao kwenye pini ya mkono wa pedeli, akaipiga nyundo mpaka ikatoka, akafungua bakuli, akaichomoa ekseli. Gololi zikaanguka moja moja kwenye kifuniko cha ndoo alichokuwa amekitega, zina grisi nyeusi. Ekseli ilikuwa ekseli ya kawaida, imelika upande mmoja. Fundi aliinyanyua juu ili walio nyuma waione.

Kijana muda wote alikuwa amesimama na mkono juu ya tairi la mbele. Mkono ulikuwa unatetemeka, na sidhani kama ni uchovu.

Kazi yote haikufika nusu saa. Fundi alisafisha gololi kwa mafuta ya taa, akaweka grisi mpya, akafunga. Hakudai hata senti. Kijana akapewa zawadi yake, na aliyesema lile neno la mota alikuwa kati ya waliompigia makofi. Tangu siku hiyo akishinda hakuna anayefungua mdomo.

Nilifurahi kwa ajili yake, na bado nina hasira kwa ajili yake. Baiskeli iliyofunguliwa ilikuwa ya mchuuzi wa samaki peke yake. Wa pili na wa tatu, waliokuja na baiskeli za bei, fremu nene za alumini ambazo ndani yake kuna nafasi ya kuficha kitu kweli, hakuna aliyewagusa. Bomba la baiskeli ya chuma ya kizamani ni jembamba kiasi kwamba mota kama ile ya Austria, iliyotaka bomba lenye kipenyo cha milimita zaidi ya 30, haiwezi hata kuingia. Kama tungetaka kutafuta mota siku ile, baiskeli yake ndiyo ingekuwa ya mwisho kuishuku. Tulimshuku mtu kwa umaskini wake. Tuliona haiwezekani mtu kama yeye awashinde watu kama wale.

Kwa hiyo ninachoomba kwa waandaaji wa mbio, Mtwara, Lindi, Masasi, popote, ni hiki: fungueni baiskeli ya mshindi. Ya wa kwanza, wa pili na wa tatu, kila mara, kabla ya mtu yeyote hajanong'ona. Itangazwe asubuhi pale pa kuanzia, kila mmoja asikie, kwamba wakifika hawaondoki na baiskeli mpaka fundi amemaliza, na kubadilisha baiskeli njiani ni lazima kuripotiwe, maana ya akiba nayo inafunguliwa. Ukaguzi uwe haki ya mshindi. Anayetoka kwenye ukaguzi mbele ya watu anakwenda nyumbani na ushindi ambao hakuna wa kuumega.

Wengine wameniambia mizani inatosha. Nimeijaribu. Mizani ya kutundika inayopimia korosho ni nzuri kwa magunia, lakini baiskeli zetu hazifanani. Moja ina kilo 11, nyingine 17, na huwezi kujua kilo 2 za ziada ni mota au ni chuma kizito. Mizani itasaidia kama baiskeli imepimwa asubuhi na ikapimwa tena jioni, ili kumnasa aliyebadilisha kitu katikati, basi. Wengine wanataja programu za simu zinazopima usumaku. Hizo zinaweza kukupa dokezo kwenye fremu ya alumini au ya kaboni. Kwenye fremu ya chuma simu inapiga kelele kuanzia usukani mpaka nyuma, kwa kuwa chuma chenyewe kinaivuruga. Kilichobaki ni macho na spana. Chomoa kiti, mulika bomba. Tikisa chupa za maji na fungua vifuniko vyake. Pasua kimfuko cha chini ya kiti kama mwenyewe hataki kukifungua. Angalia kitovu cha tairi la nyuma: kikiwa kinene kupita kawaida, uliza kwa nini. Gusa bomba la kiti kwa mkono mara tu anaposhuka, kabla halijapoa, ukikumbuka kwamba jua la Mtwara nalo linapasha fremu, basi linganisha na bomba la mbele. Penye shaka, toa ekseli.

Fundi alipwe. Hili nalisisitiza kwa sababu najua tabia zetu. Tunakodi spika, tunachapisha fulana, tunakodi hema la wageni rasmi, halafu fundi tunamwambia atusaidie tu, yeye ni wetu. Malipo ya fundi mmoja kwa siku hayafikii gharama ya hema, na akilipwa na kamati hatakuwa na sababu ya kumwonea haya mtu anayemletea kazi dukani kwake. Ikiwezekana atoke mji mwingine.

Naomba pia nisieleweke vibaya kuhusu mota. Kuna mzee Mikindani ambaye magoti yamemwisha, na kilima kile kilikuwa kimemfungia nyumbani. Mwanawe alimfungia mota kwenye baiskeli, imekaa wazi kwenye tairi la nyuma, nyaya zimefungwa kwa mpira wa tiubu, kila mtu anaiona. Sasa anakwenda sokoni mwenyewe. Hiyo ni neema. Yule Mfaransa wa miaka 43 mwenye mgongo mbovu angeweza kuendesha hivyo hivyo, akapanda milima yote ya Dordogne, jimbo zilikofanyika mbio zile, na marafiki zake, na hakuna ambaye angemnyooshea kidole. Maumivu yake nayaamini. Lakini maumivu hayakumlazimisha kuificha mota ndani ya bomba na kuvaa namba ya mashindano mgongoni. Siku baiskeli za umeme zitakapokuwa nyingi hapa, ziwekewe mbio zao, na nitakuwa wa kwanza kwenda kuwashangilia wazee wakipanda kilima wakiwa na pumzi ya kuimba.

Limebaki suala la anayekataa. Kanuni za UCI zinampa mdanganyifu wa mota kifungo kisichopungua miezi 6 na faini inayoanzia faranga 20,000. Sisi hatuna uwezo wa kumtoza mtu faini ya namna hiyo wala mamlaka ya kumfikisha popote. Tunachoweza ni kuandika kwenye fomu ya kujiandikisha, kwa Kiswahili cha wazi, kwamba anayekataa kufunguliwa baiskeli hana nafasi aliyomaliza nayo, zawadi inakwenda kwa anayefuata, na jina lake linapelekwa kwa waandaaji wa mbio za wilaya jirani. Asaini kabla hajapewa namba. Na fomu hiyo isainiwe pia na aliyemleta, kama ni kocha, mfadhili au mwenye duka aliyempa baiskeli, ili siku ya kuulizwa asisimame kijana peke yake.